Kesi ya Chupa Iliyohesabiwa Mara Mbili

Kukadirika ni nchi iliyopakana na Mto Shaka upande wa kaskazini na Milima ya Majivuno upande wa kusini. Mipaka yake ya mashariki na magharibi haijulikani vema, kwa kuwa kila aliyetumwa kuipima alirudi na jibu lake mwenyewe, na wote walitunukiwa nishani. Hewa yake ni safi, ardhi yake ina rutuba, na watu wake hustahimili kila kitu ila kukosolewa.

Katika elimu ya tiba Kukadirika iliyapita mataifa mengi. Matabibu wake walijua kuchota chembe hai katika mwili wa mtu mzima, kuzilea ndani ya chupa za kioo kama mkulima aleavyo miche kitaluni, na kuzipanda katika mwili wa mgonjwa ili zizae kilichopungua. Aliyeungua alipandiwa ngozi, na aliyeishiwa damu alipandiwa mbegu za damu. Chembe hizo ni ndogo mno, jicho tupu haliwezi kuziona, na kwa sababu hiyo kila jambo lilitegemea hesabu. Zikipandwa chache, hazizai. Zikipandwa kupita kiasi, mwili huzigeukia kwa vita. Baina ya uchache na wingi palikuwa na njia nyembamba, na wagonjwa wote wa Kukadirika walipitishwa juu yake wamefumbwa macho.

Nyumba za tiba zilikuwa tatu: Nyumba ya Wingi, iliyokuwa kongwe kuliko zote, Nyumba ya Haiba, iliyosifika kwa usafi wa sakafu zake, na Nyumba ya Hadhari, iliyokuwa changa na maskini. Kila nyumba ilihesabu kwa namna iliyowekwa na mwasisi wake. Namna hiyo ilirithiwa kama jina la ukoo, na sababu yake haikuulizwa, kama vile mtu asivyoulizwa kwa nini babu yake alimwita alivyomwita.

Juu ya desturi hii palikuwa na sheria iliyoitwa Adabu ya Hesabu, nayo ilisema: kilichohesabiwa hakihesabiwi tena. Kurudia hesabu ya mwenzio kulikuwa sawa na kumwita mwongo mbele ya wakwe zake. Nyumba mbili zikitofautiana, hesabu ya nyumba kongwe ilishika, kwa kuwa mvi zilidhaniwa kuwa ushahidi. Mgonjwa akipona, nyumba ilisifiwa. Mgonjwa akifa, ilisemwa kuwa hesabu ilikuwa kamili na siku zake ndizo zilizokuwa pungufu.

Ndiyo maana watu wa Takriba, mji mkuu wa nchi hiyo, hawakujua utulivu. Kutwa kucha barabara zake zilijaa wagonjwa wanaohama kutoka mlango hadi mlango wakitafuta hesabu ya kuwaridhisha. Palikuwa na muuza vyungu mmoja aliyekuwa mzima kwa hesabu ya Haiba na mahututi kwa hesabu ya Wingi. Alipanga chumba mtaa wa Haiba akaishi huko kwa furaha. Lakini kila alipovuka daraja kwenda mtaa wa Wingi kuuza vyungu vyake, alikohoa.

Katika Nyumba ya Hadhari alikuwapo tabibu mmoja, mwanamke wa makamo, jina lake Yakini. Mumewe, Rajai, alikuwa mpishi wa karamu. Mwaka ule uloto wa Rajai, ule ute wa ndani ya mifupa uzaao damu, ulikuwa umekauka. Dada yake wa baba na mama, Shakiki, alijitolea uloto wake, Nyumba ya Wingi ikazilea mbegu, na chupa ikaletwa na muhuri: elfu themanini, kamili. Rajai akapandiwa. Hazikuota. Shakiki akajitolea mara ya pili, akadhoofika hata matabibu wakaharamisha mara ya tatu. Sasa chupa ya pili ilikuwa imewasili, nayo ilikuwa ya mwisho. Muhuri wake ulisema: elfu themanini, kamili.

Yakini aliitazama chupa, akaenda dirishani, akarudi, akaitazama tena.

"Keti, mke wangu," alisema Rajai kutoka kitandani. Midomo yake ilikuwa imepauka, lakini ulimi wake ulikuwa mzima. "Unakwenda na kurudi kama kuku anayetafuta pa kutagia. Unanichosha, na mgonjwa ni mimi."

"Ya kwanza ilisema hivihivi."

"Basi angalau wana msimamo."

Yakini hakucheka. Alichovya sindano katika chupa, akatoa tone dogo, akalitia rangi ya samawati. Rangi hiyo ina tabia moja: chembe iliyokufa huinywa, na chembe iliyo hai huikataa. Aliweka tone chini ya hadubini akainama. Aliona buluu hapa, buluu pale, na katikati ya buluu, kama taa chache katika mji uliohamwa, chembe nyeupe zilizokuwa bado zinang'aa. Nyingine zilikuwa zimeshikamana mafungu mafungu. Bila kukusudia, kidole chake kikaanza kuhesabu.

"Umenyamaza kwa namna nisiyoipenda," alisema Rajai. "Sema."

"Zaidi ya nusu zimekufa, bwana wangu. Wamezihesabu pamoja na zilizo hai."

Rajai aliwaza kidogo. "Miaka yote niliyopika," alisema, "nikiambiwa nipikie watu mia, sikuwahi kuuliza wangapi kati yao ni marehemu. Kumbe nilikuwa mzembe."

Yakini alicheka, kisha akalia, kisha akavaa kitambaa chake cha kichwa akatoka.

Mkuu wa Nyumba ya Wingi aliitwa Kithiri. Alikuwa mzee mpole, msafi, asiyesema uongo. Na hilo ndilo lililoifanya kazi ya kumkosoa iwe nzito.

"Shikamoo, Mzee Kithiri."

"Marahaba, binti yangu. Karibu kitako. Chupa imekufikieni salama?"

"Imetufikia, na shukrani zetu hazina kipimo. Nimekuja kuuliza jambo moja. Nyumba yako inapohesabu—"

Mzee aliinua mkono. Uso wake ulibadilika kama ukuta uliomwagiwa maji. "Umehesabu."

"Nimetazama, mzee wangu."

"Kutazama ni kwa macho. Kuhesabu ni kwa kidole. Kidole kilikuwapo?"

Yakini aliinamisha kichwa. "Kilikuwapo."

"Baba yangu alihesabu hivi," alisema Kithiri polepole, "na babu yangu kabla yake, na hapana aliyewahi kuuchungulia mlango wao. Wewe, niliyekushika mkono siku ya kiapo chako, umenivua nguo sokoni."

"Sikuja kukuvua nguo, mzee wangu. Nimekuja kumvika mgonjwa."

"Mgonjwa huyo ni mumeo. Mapenzi yamekuharibu hesabu."

"Huenda. Basi nihesabie tena wewe, niaibike mimi."

Lakini kuhesabu tena ndiko kulikokatazwa, na Kithiri alikuwa mtu wa sheria. Kabla jua halijapinduka askari walikuwa mlangoni mwa Nyumba ya Hadhari. Hawakumchukua Yakini peke yake. Waliichukua na chupa, kwa kuwa ilikuwa kielelezo cha kosa. Iliwekwa katika sanduku la barafu mbele ya kiti cha kadhi. Chembe hai katika barafu ya namna hiyo hudumu siku chache tu. Kwa hiyo kesi ilikuwa moja, lakini waliosubiri hukumu walikuwa wengi mno, nao walikuwa wakifa mmoja mmoja ndani ya kioo.

Siku ya kesi mahakama ilifurika. Kadhi aliitwa Insafu, mtu mfupi asiyeweza kukaa kitini muda mrefu. Ilisemwa kuwa mwaka huohuo damu yake ilikuwa imepimwa na nyumba mbili; moja ilimpongeza, na nyingine ilimshauri aandike wasia. Mwendesha mashtaka aliitwa Fasaha, na sauti yake ilikuwa tamu hata walioshtakiwa naye walisikitika akinyamaza.

"Mheshimiwa Kadhi," alianza Fasaha, "taifa husimama juu ya kuaminiana kama nyumba isimamavyo juu ya msingi, na hapana afukuaye msingi kila asubuhi ili ahakikishe kuwa upo. Mama huyu amefukua. Ikiwa kilichohesabiwa kitahesabiwa tena, tutafika lini mwisho wa hesabu? Leo ni chupa. Kesho itakuwa umri wa wazee wetu. Keshokutwa itakuwa mahari za binti zetu!"

Umati uliguna kwa hofu, hasa kina baba.

"Mshtakiwa," alisema Kadhi, "ulihesabu?"

"Nilihesabu, Mheshimiwa. Sikatai, na sitaipotezea mahakama wakati wa kuthibitisha, maana wakati wenyewe umo katika sanduku lile unayeyuka pamoja na barafu. Naomba jambo moja. Katika ghala la umma mna chembe za ngozi zisizowahi kuhesabiwa na yeyote. Ziletwe katika mtungi mmoja, zitikiswe zichanganyike, zimiminwe kwa kiasi sawa katika chupa sita zisizo na jina. Kila nyumba ipewe mbili, Hadhari yangu ikiwamo, wala wahesabuji wake wasiambiwe zimetoka wapi."

Fasaha aliruka. "Napinga! Sheria inakataza—"

"Sheria inakataza kuhesabu kilichohesabiwa," alisema Kadhi, "na hizi hazijahesabiwa. Keti, Fasaha. Ukisimama hivyo unanifanya nami nitake kusimama."

Ikafanywa hivyo. Alasiri hesabu zililetwa, na karani akazisoma kwa sauti iliyoanza na nguvu na kuishia mnong'ono. Nyumba ya Wingi: chupa moja elfu tisini, ya pili elfu sabini na tano. Nyumba ya Haiba: elfu thelathini, na elfu ishirini na mbili. Nyumba ya Hadhari: elfu hamsini, na elfu thelathini na nane.

"Chupa zote sita," alisema Kadhi, "ni za mtungi mmoja."

Mtu mmoja alicheka, wengine wakamfuata, kisha kicheko kikakatika ghafla kama uzi, kwa kuwa kila mmoja alikuwa ameikumbuka hesabu yake mwenyewe. Muuza vyungu alishika kifua. Mwanamke aliyekaa nyuma alisimama, akauliza bila ukali, kama aulizaye njia: "Mwanangu alizikwa kwa hesabu ya nyumba gani?"

Alibaki amesimama akingoja jibu hadi mwisho wa kesi, na hapana aliyethubutu kumwambia aketi.

Kadhi alimgeukia Kithiri. "Mzee, nyumba yako huhesabu nini?"

"Kila chembe iliyoumbwa, Mheshimiwa. Hata zilizokufa ziliwahi kuishi, na mwasisi wetu aliona si heshima kuzisahau."

"Na wewe, Bi Latifu?"

Bi Latifu, mkuu wa Nyumba ya Haiba, alirekebisha mtandio wake wa hariri. "Sisi huhesabu zilizo hai tu, Mheshimiwa. Ila zilizoshikamana huzihesabu kuwa moja. Mwasisi wetu alisema kuwa si adabu kuwatenganisha waliokumbatiana."

"Hata wakiwa kumi?" aliuliza Kadhi.

"Hatukuwahi kuwauliza, Mheshimiwa."

"Na wewe, Tabibu Yakini? Hesabu zako mbili hazifanani. Kwa nini nikuamini kuliko hawa?"

Yakini alikuwa amezisikia hesabu za nyumba yake kwa fadhaa isiyopungua ya wengine. "Usiniamini, Mheshimiwa," alisema. "Mimi huhesabu zilizo hai, na mafungu huyakisia kwa jicho. Asubuhi jicho langu hukisia vingine, na jioni vingine. Nilikuja hapa nikidhani nitathibitisha kuwa Mzee Kithiri amekosa. Nimethibitisha kuwa nami sijui."

"Basi mwongo ni nani?"

"Hapana mwongo. Kila mmoja wetu amesema kweli ya nyumba yake. Lakini mgonjwa hutoka nyumba moja akaingia nyingine, na mwili wake haujui kuwa amevuka mtaa."

Kadhi alisimama, akazunguka kiti chake, akashika mgongo wake. "Na hiyo elfu themanini mnayosema mgonjwa anahitaji, ilihesabiwa kwa namna ya nani?"

Matabibu watatu walitazamana. Waasisi waliiacha hesabu hiyo, na nyumba zote ziliirithi. Lakini hapana iliyorithi habari ya jinsi ilivyopatikana. Fasaha alifungua kinywa, akakifunga, na hiyo ikawa hoja yake fupi kuliko zote.

"Sikilizeni hukumu," alisema Insafu. "Mahakama inamtia Yakini hatiani kwa kuhesabu mara ya pili. Adhabu yake ni kuhesabu mara ya tatu. Ataitumikia hapa, mbele ya watu, Mzee Kithiri akiwa kuliani kwake na Bi Latifu kushotoni, wala hapana atakayetoka hadi watatu hao wamekubaliana wanahesabu nini. Leteni hadubini. Fungueni sanduku."

Wale watatu walikaa bega kwa bega, na ugomvi ukaanza kabla viti havijapoa.

"Waliokufa watoke," alisema Bi Latifu.

"Watoke vipi? Mnawafukuza kama wadeni," alisema Kithiri.

"Waandikwe kando, mzee wangu," alisema Yakini. "Tutawakumbuka, lakini hatutawatuma kazi."

Kithiri alikubali. Ilipofika zamu ya mafungu, Bi Latifu ndiye aliyeshikilia, na Kithiri akamwambia, "Bibi, waachanishe tu, hawakuoana." Umati ukacheka, na Bi Latifu, ambaye hakuwahi kuonekana akicheka hadharani, akafunika uso kwa mtandio. Walikubaliana kuyalegeza mafungu kwa maji ya dawa, kutumia rangi moja, kioo kimoja chenye mistari, na muda mmoja tangu rangi itiwe. Kisha kila mmoja alihesabu peke yake bila kumwona mwenziwe. Hesabu tatu zilipowekwa pamoja, hazikuwa sawa. Lakini zilikaa karibu, kama ndugu.

"Kamili ni ngapi?" aliuliza karani, kalamu mkononi.

"Usiandike kamili," alisema Yakini. "Andika: zilizo hai ni kati ya elfu ishirini na sita na elfu thelathini."

Karani alitazama pande zote, maana hapajawahi kuandikwa *kati* katika kumbukumbu za Kukadirika.

Hapo Kithiri alisimama. "Nyumba yangu," alisema, "huweka akiba kidogo ya kila chupa katika barafu kuu, ambamo chembe hubaki kama zilivyowekwa, ya waliopona na ya waliokufa. Tuliziweka kwa fahari. Hatukuwahi kuzifungua, kwa kuwa zilikwisha kuhesabiwa." Alimkabidhi karani ufunguo. "Zifunguliwe."

Zikafunguliwa. Watatu walizihesabu kwa namna yao mpya, usiku na mchana, wakipokezana na wanafunzi wao, na jibu likajitokeza bila kuombwa. Wagonjwa waliopona walikuwa wamepandiwa chembe hai zisizopungua elfu arubaini. Chini ya hapo makaburi yalianza.

Yakini alimrudia mumewe akasimama mlangoni.

"Usizunguke," alisema Rajai. Sauti yake sasa ilikuwa nyembamba. "Simama hapohapo uniambie."

"Hazitoshi. Tukizipanda leo, yatakuwa kama ya chupa ya kwanza. Tukizilea siku chache zaidi, huenda zikafika." Aliegemea mwimo wa mlango. "Nawe huenda usifike."

"Huenda ya nani hiyo? Ya Wingi au ya Haiba?"

"Ya wote watatu. Tumeipima pamoja."

Rajai alifumba macho. "Tangu niugue nimeambiwa kamili, kamili, kamili, nami nikizidi kupungua. Hii *huenda* yako ndiyo kauli ya kwanza niliyopewa yenye sakafu ya kukanyaga. Zileeni. Nitangoja."

Zikalelewa. Kithiri hakumwachia mtu chupa ile. Alikaa nayo, akaamka, akakaa, akaizungukia kitaluni mwake kama baba aliye nje ya chumba cha uzazi, na Yakini alizunguka upande wa pili, hata wanafunzi wakajifunza kuwapisha. Rajai alipungua hadi wakamwogesha kwa ncha za vidole, wasimuumize. Alfajiri moja watatu walihesabu, na *kati* yao ikavuka elfu arubaini kwa ukingo wake wa chini. Hawakungoja jua litoke. Wakapanda.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu kuliko kesi. Kisha tone la damu ya Rajai likagawanywa mara tatu, likapelekwa katika nyumba tatu bila jina. Majibu yalirudi: chembe mpya zilikuwamo, na hesabu za nyumba zote zilikaa chini ya paa moja. Kithiri aliyasoma mara mbili, akagundua kuwa amesoma mara mbili, akalia.

Adabu ya Hesabu ilifutwa mwaka huohuo. Ule mtungi wa mahakama ulirithiwa na mtungi mwingine uitwao Rejea, usiokuwa mali ya nyumba yoyote, na kila mwaka, siku isiyotangazwa, nyumba tatu huletewa chupa zake zisizo na jina ili zijue zimepotoka kiasi gani. Takriba haijatulia. Watu wake bado wanazunguka, lakini sasa huzunguka wakiuliza, "Kwa kipimo gani?" na swali hilo limeingia hata katika posa na katika hotuba za mawaziri, jambo ambalo mawaziri hawalipendi. Muuza vyungu alipimwa upya akaonekana mgonjwa pande zote mbili za daraja. Alisikitika sana, kisha akatibiwa. Yule mwanamke aliyesimama alipewa jibu lake, naye alilipokea akiwa ameketi.

Na ilipofika siku ya kwanza ya Rejea, Mzee Kithiri alimwendea Rajai jikoni kwake kumwagiza karamu ya nyumba tatu.

"Wageni wangapi, mzee wangu?" aliuliza Rajai, mwiko mkononi, damu ya dada yake ikiwa mashavuni mwake.

Mzee alifikiri kwa uangalifu mkubwa.

"Kati ya mia na mia na ishirini," alisema. "Wote hai."